Pawasoo ya mti mkubwa: Pima shina kabla ya kwenda dukani

Mkazi wa Molo, Elburgon au Kuresoi aliye na mikaratusi mikubwa kando ya ua anajua kwamba pesa za mti haziingii mfukoni hadi mti ulale chini. Na ni lazima ulale bila kuvunja nyumba, bila kukata nyaya za stima na bila kumuumiza mtu. Hapo ndipo swali la mashine linapoingia. Ni pawasoo ipi inayofaa kwa mti mkubwa?

Jibu linalotolewa sokoni huwa fupi: nunua iliyo na nguvu zaidi. Jibu hilo limewaingiza wengi hasara. Wapo walionunua mashine nzito wasiyoweza kuishika kwa nusu saa. Wapo walionunua ya bei nafuu yenye maandishi makubwa ubavuni, ikazima katikati ya shina. Na wapo walionunua yenye nguvu kweli, lakini isiyo na breki.

Makala haya ya elimu kwa umma yanafundisha njia nyingine. Nguvu unayohitaji inaamuliwa na mambo matatu: unene wa shina, mwinuko wa mahali unapoishi na kazi unayotaka kufanya. Ukiyajua hayo kabla ya kuingia dukani, muuzaji hatakuchagulia, utachagua mwenyewe. Tanbihi moja: Serikali ya Kaunti haipendekezi kampuni wala duka lolote, na ndiyo sababu hatutaji jina la mashine.

ANZA NA SHINA

Chukua kamba, uizungushe kwenye shina pale ambapo mti utakatwa, kisha uipime kwa futi. Gawanya kipimo hicho kwa 3.14. Utapata unene wa shina kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Tuchukue mkaratusi wenye mzunguko wa sentimita 220. Ukigawanya kwa 3.14 unapata sentimita 70. Kwa kuwa pawasoo huuzwa kwa inchi, gawanya tena kwa 2.54. Shina hilo lina unene wa karibu inchi 28.

Sasa tazama bapa, yaani chuma kirefu ambacho mnyororo wenye meno huzunguka juu yake. Wengi hudhani shina la inchi 28 linahitaji bapa la inchi 30 au 36. Si lazima. Fundi aliyefunzwa hukata mti mnene kutoka pande zote mbili, na hivyo bapa linalozidi nusu ya unene kwa nafasi ya kutosha linaweza kufanya kazi. Kwa shina letu la sentimita 70, bapa la inchi 20, yaani sentimita 50, linavuka nusu kwa sentimita 15. La inchi 25 linafika karibu upande wa pili.

Bapa refu kupita kiasi lina gharama zake. Linavuta mashine upande wa mbele na kuchosha mgongo. Lina mnyororo mrefu ambao injini inapaswa kuuvuta, meno mengi ya kunolewa na oili nyingi zaidi. Baya kuliko yote, ncha yake hutokea upande wa pili wa shina ambako fundi haoni, na inaweza kugusa jiwe, seng'enge au tawi. Kwa hiyo, chagua bapa fupi kuliko yote linaloweza kufanya kazi yako vizuri.

INJINI KWA BAPA

Ukubwa wa injini hupimwa kwa cc, kama pikipiki. Kila bapa linahitaji injini ya kulivuta. Ukifunga bapa refu kwenye injini ndogo, mnyororo utakwama ndani ya mti, fundi ataanza kulazimisha, na mashine itachemka. Mgawanyo wa kawaida ni huu, na uzito uliotajwa ni wa mashine bila bapa, mnyororo wala mafuta:

Cc 40 hadi 50. Hubeba bapa la inchi 15 hadi 18 na huwa na uzito wa karibu kilo 5. Inafaa kwa kupogoa, kukata kuni na kuangusha miti ya unene wa kawaida shambani. Si mashine ya mkaratusi mkubwa.

Cc 60 hadi 75. Hubeba bapa la inchi 18 hadi 25 na huwa na uzito wa kilo 6 hivi au zaidi kidogo. Hii ndiyo mashine ya kazi kwa mkulima au fundi anayeangusha mikaratusi, misonobari na saipresi zilizokomaa.

Cc 85 hadi 95. Hubeba bapa la inchi 25 hadi 36 na huwa na uzito wa kilo 7 hadi 8. Ni ya fundi anayefanya kazi ya miti minene kila wiki.

Zaidi ya cc 100. Nyingi katika kundi hili ni za muundo wa zamani na zina uzito wa zaidi ya kilo 10. Hutumiwa sana kupasua mbao. Tutazirudia, kwa sababu zina jambo la kuangaliwa.

Pawasoo za betri nazo zimeingia madukani. Hazina moshi na kelele zake ni kidogo, na zinafaa kwa matawi na miti midogo. Kwa shina la sentimita 70, petroli bado ndiyo inayotegemewa.

Kando ya cc, mashine nzuri huonyesha nguvu yake kwa kilowati, inayoandikwa kW. Hapa kuna siri ya kumkagua muuzaji. Pawasoo nzuri ya cc 50 hutoa karibu kilowati 2.5. Ya cc 70 hutoa kati ya 3.5 na 4, na ya cc 90 hutoa karibu 5. Ukikuta mashine ya cc 52 iliyoandikwa kilowati 5, jua kwamba maandishi hayo hayaaminiki, na kama yamedanganya hapo, huenda yamedanganya pengine. Tahadhari pia na namba kubwa iliyochorwa ubavuni, kwa mfano 5800. Mara nyingi hilo ni jina la mashine tu, wala si kipimo cha nguvu.

MWINUKO UNAKULA NGUVU

Jambo hili halisemwi sana dukani, lakini linatuhusu sisi watu wa Nakuru. Injini ya pawasoo huvuta hewa ili kuchoma petroli. Kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi, na injini hupata pumzi kidogo. Kwa makadirio ya mafundi, injini ya aina hii hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari.

Mji wa Molo uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Piga hesabu: 2,500 ukigawanya kwa 300 ni kama 8, mara 3 ni karibu asilimia 25. Yaani mashine iliyoandikwa kilowati 4 itatoa takriban kilowati 3 tu ikifika Molo. Mji wa Nakuru na Naivasha, ambayo iko kwenye mita 1,850 hadi 1,900, hasara ni chini kidogo ya asilimia 20.

Hiyo ina maana mbili. Kwanza, ushauri uliochapishwa kwenye karatasi ya kiwanda unafaa kupunguzwa kidogo huku kwetu. Mkazi wa Naivasha mwenye mashine ya cc 70 anaweza kufunga bapa la inchi 25. Wa Molo mwenye mashine hiyo hiyo atafanya vyema kufunga la inchi 20 na kukata kutoka pande mbili, au akitaka bapa la inchi 25, atafute injini ya cc 85 na zaidi.

Pili, kabureta ni lazima irekebishwe kulingana na mwinuko. Mashine iliyorekebishwa pwani ikiletwa Molo itameza petroli nyingi kuliko hewa, itatoa moshi na kukosa nguvu. Mwenye mashine ataamini ameuziwa mbovu, kumbe inahitaji fundi wa dakika kumi. Ukiishusha baadaye kwenye joto la chini, irekebishwe tena, kwa sababu injini inayopata petroli na oili kidogo kupita kiasi huungua. Baadhi ya mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe kwa kifaa cha elektroniki. Kifaa hicho hupanga mchanganyiko tu. Hakiwezi kuongeza hewa ambayo haipo.

KUANGUSHA SI KUPASUA

Jiulize kazi ni ipi hasa. Kuangusha mti ni kukata kuvuka nyuzi za mbao, na hufanywa kwa dakika chache. Kupasua mbao ni kukata kufuata urefu wa gogo, na injini huunguruma kwa nguvu zote kwa muda mrefu. Kupasua kunahitaji injini kubwa zaidi, na mnyororo ulionolewa kwa pembe tofauti. Ndiyo maana wapasuaji hupenda zile mashine za zaidi ya cc 100.

Kama shughuli yako ni kuangusha mti na kuuza gogo, usibebe gharama na uzito wa mashine ya kupasulia. Na kama unataka mbao, piga hesabu kwanza. Mnyororo wa pawasoo kubwa hula karibu milimita 9 za mti kila unapopita. Ukipita mara 10, sentimita 9 za gogo lako zimegeuka vumbi. Msumeno wa bendi kwenye kiwanda cha mbao hula milimita 2 hadi 3 tu. Kwa gogo nene la thamani, mara nyingi inalipa kulipeleka kiwandani.

BREKI NI SHARTI

Tumefika kwenye jambo ambalo halina mjadala. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa kitu kigumu, mashine hurushwa nyuma na juu, kuelekea uso na shingo ya aliyeishika. Hutokea kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Kinachomwokoa ni breki ya mnyororo, kile kikinga kilicho mbele ya mkono wa kushoto. Mashine ikiruka, breki hujifunga na mnyororo husimama.

Baadhi ya mashine za muundo wa zamani zenye injini kubwa hazina breki hii kabisa. Kwenye nyingine, ilikuwepo ikatolewa na fundi aliyechoka kuifungua. Usinunue mashine kama hiyo na usimkodi mtu anayeitumia, hata kama ina nguvu ya trekta.

Ukiwa dukani, angalia vifaa vitano. Breki ya mnyororo. Kitufe cha kuzuia mvuto wa mafuta usibonyezwe kwa bahati mbaya. Kishikizo cha chini cha kudaka mnyororo ukikatika. Springi au raba za kupunguza mtetemo, kwa sababu mtetemo wa miaka huua mishipa ya vidole hadi vikapoteza hisia. Na swichi ya kuzima inayofikiwa na kidole bila kuachia mpini.

Kisha iombe iwashwe. Injini ikiwa chini, mnyororo haufai kuzunguka. Ukiongezwa mafuta kisha breki ikasukumwa mbele, mnyororo usimame papo hapo. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekupa jibu lako.

Kwenye bajeti yako, weka pia vifaa vya mwili: kofia ngumu yenye kinga ya uso na masikio, glavu, buti zenye ncha ya chuma na suruali maalum ya pawasoo. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani ambazo hujisokota kwenye mnyororo na kuusimamisha kabla haujafika mfupani. Ukikosa pesa za mashine na vifaa kwa pamoja, chukua mashine ndogo zaidi na ununue vifaa. Kwa mwenye kuajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka umlinde mfanyakazi wako, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inakutaka umkatie bima.

KABLA YA KULIPA

Mashine ghushi za majina makubwa zipo. Tafuta alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, linganisha namba iliyo kwenye mashine na ile ya karatasi, na udai risiti na dhamana ya maandishi. Bei iliyo nusu ya bei ya maduka mengine ni onyo.

Uliza vipuri viko wapi. Mnyororo, gurudumu la meno, plagi na kichujio cha hewa huisha. Ikiwa havipatikani Nakuru, Molo au Njoro, mashine italala wiki nzima kwa kukosa kifaa kidogo.

Uliza pia mchanganyiko wa mafuta. Kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili, viwanda vingi hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Fuata kitabu cha mashine yako. Petroli tupu huua injini siku moja. Bapa nalo lina tangi lake la oili ya mnyororo. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari huchubua bapa na kumwagika shambani.

KUNUNUA AU KUKODI

Tufanye hesabu ya mfano tu, si bei ya soko. Tuseme mashine ya cc 70 pamoja na vifaa vya kinga ni Sh120,000, na fundi hutoza Sh3,000 kuangusha mti mmoja. Itakubidi ukate miti 40 ili mashine ijilipe, kabla ya kuhesabu petroli, minyororo na mafunzo. Mwenye mikaratusi mitano hana sababu ya kununua. Kikundi cha wakulima wenye miti mia kadhaa kinaweza kununua moja, kikamtuma mwanachama mmoja au wawili wakafunzwe.

Ukikodi, kila ulichosoma hapa bado kinakufaa. Mwulize fundi mashine ni ya cc ngapi na bapa inchi ngapi. Mwombe akuonyeshe breki ikifanya kazi. Mtazame miguuni na kichwani. Fundi mzuri hataudhika.

SIKU YA KUKATA

Mashine bora haiondoi hatari. Mti wa mita 30 unahitaji watu wote wasiohusika wakae angalau mita 60 mbali, yaani urefu wa mti mara mbili. Fundi aandae njia ya kukimbilia, kinyume na upande wa kuangukia na kwa mshazari.

Mkato wa kwanza ni wa mdomo, upande ambao mti utaangukia, wenye kina cha robo au humusi ya unene. Kwa shina letu ni sentimita 14 hadi 18. Mkato wa nyuma haukati hadi mwisho. Huachwa kipande kiitwacho bawaba, karibu sehemu moja ya kumi ya unene, hapa sentimita 7. Bawaba ndiyo inayouongoza mti chini. Anayeikata yote haelekezi mti tena, anaomba dua tu. Mkaratusi ulioinama una hatari ya ziada, kwani shina linaweza kupasuka kwa urefu na kumrukia fundi. Huo uachie mjuzi.

Mti ukiwa karibu na nyaya za stima, usianze. Piga simu Kenya Power kwa nambari 97771 na usubiri wataalamu wao.

Na kabla ya yote, ruhusa. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, kukata mti katika msitu wa umma bila leseni ni kosa. Kwa miti ya shambani mwako, mwone afisa wa misitu wa kaunti ndogo yako akueleze taratibu za kukata, na afisa wa Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kuhusu kibali cha kusafirisha magogo au mbao barabarani. Gari lisilo na kibali huzuiliwa, na mzigo wako nao.

Utakapokwenda ofisini au dukani, beba karatasi yenye mambo matatu: mzunguko wa shina, eneo unaloishi, na kama unataka kuangusha tu au kupasua pia. Afisa atakushauri haraka zaidi, na muuzaji atajua kwamba anazungumza na mtu aliyepima.